Mafundo kwenye Nyaya za Kikohozi

Wifi yangu alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa unga, akasema bila kupandisha sauti.

"Mtu wa vyuma chakavu nimemwambia aje Jumamosi. Kabla hajafika, gari likinguruma nikalisikia kwa masikio yangu, halitoki hapa. Likiwa bado limekaa kimya na mdomo wazi, wifi yangu, liende tu. Mimi siwezi tena."

Hakusema kwa ubaya. Dirisha la chumba chake linatazama uani, na gari la kaka lilikuwa pale uani tangu tumzike. Boneti limeinuliwa, injini mpya imo ndani lakini haijawahi kuwaka, na nyaya zimening'inia chini ya dashibodi kama nywele za mtu aliyeachwa katikati ya kusukwa. Kila asubuhi akifungua dirisha anakutana nalo.

"Ni kama ameondoka kidogo kwenda kuazima spana," aliwahi kuniambia. "Nimechoka kumsubiri."

Nilimwelewa. Lakini na mimi nilikuwa na langu. Ile ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya kaka, na nilitaka kujua kama aliifanya sawasawa. Gari lingekatwa vipande Jumamosi, nisingejua kamwe.

Kaka alikuwa mshonaji wa maturubai. Ndiye aliyenifundisha kazi nilipomaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani sina pa kwenda. Tunashona vifuniko vya malori, mahema ya mafundi wa barabara, mapazia ya vibanda. Wateja wetu wakubwa ni malori ya machimbo ya mawe, kule juu mlimani, na huwezi kushona kifuniko cha lori ambalo hujalipima. Ndiyo maana kaka alinunua gari la zamani la porini, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lililonizidi umri. Tuliliita Kikohozi. Asubuhi lilikohoa, likatema moshi, likanyamaza, likaanza upya, mpaka mtaa mzima umeamka. Jirani yetu alikuwa akisema yeye hahitaji saa ya ukutani.

Shida ya Kikohozi haikuwa kelele tu. Kilikuwa na kabureta, na kabureta, kaka alinieleza, ina kibakuli kidogo cha petroli ndani yake. Mahali pa tambarare kibakuli kinatulia. Ukipanda mlima mkali, petroli yote inaegemea upande mmoja na injini inakabwa. Mara nyingi kaka alikwama kwenye kona ya mwisho, machimbo anayaona, lori la mteja analiona, lakini kufika hafiki. Anashuka, anabeba roli la turubai begani.

Siku moja akasikia kuna gari la mizigo lililogongwa nyuma likawa halifai tena, ila injini yake nzima. Injini ile haikuwa na kabureta. Petroli inasukumwa kwa nguvu na pampu ya umeme na kunyunyizwa kidogo kidogo na nozeli, na kinachoamua kiasi gani ni kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya gari. Gari liinamie huku au kule, mafuta yanafika. Kaka akaileta nyumbani kwa mkokoteni, anacheka peke yake.

Aliyemsaidia kuibadilisha ni rafiki yake, fundi magari tunayemwita Taratibu, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Wawili hao walinyanyua injini ya zamani wakaiweka nyuma ya choo. Wakachomelea vishikizo vipya, wakaunga injini mpya na gia boksi ya zamani, wakaweka pampu ndani ya tangi, na bomba la pili la kurudisha petroli isiyotumika. Zikabaki nyaya. Fundi Taratibu alitaka kuzifanya yeye, kaka akakataa.

"Nyaya ni nyuzi tu, fundi," alisema. "Nyuzi niachie mimi."

Kisha akaugua. Ugonjwa wenyewe haukukaa. Tulidhani ni homa ya kupita, kumbe ndiyo iliyomchukua.

Basi jioni ile ile wifi aliposema habari za Jumamosi, nikaenda kwa Fundi Taratibu. Nilimkuta amelala chini ya lori, miguu tu nje. Nikaiambia miguu ujumbe wangu.

"Dada," miguu ikajibu, "mimi ni fundi wa kabureta. Vile vya kompyuta nilikuwa namfuata kaka yako tu, na yeye alikuwa anafuata akili yake."

"Sasa utanifuata mimi."

"Wewe unajua nini?"

"Sijui chochote. Ndiyo maana nataka kujua."

Akatoka chini ya lori, akajifuta mikono. Kesho yake asubuhi alikuwa uani kwetu.

Siku ile nilijifunza mambo mengi kuliko nilivyotarajia. Fundi alinionyesha kwamba injini ile kwanza inauliza, ndipo ifanye kazi. Kuna kijidude kimechomekwa kwenye njia ya maji, kinauliza joto. Kingine kwenye njia ya hewa, kinauliza hewa inayoingia ni nyingi au kidogo. Kingine kinauliza umekanyaga mafuta kiasi gani.

"Vinamuuliza nani?" nikasema.

"Vinaipelekea habari kompyuta. Kompyuta inaiambia nozeli, nyunyiza hivi. Ni kama wewe na wifi yako humu nyumbani, habari lazima zipite kwa mmoja kwanza."

"Na mleta habari akisema uongo?"

"Nyumba inatoa moshi mweusi."

Nilicheka, nikaangalia dirisha la wifi, nikaziba mdomo kwa mkono.

Tatizo lilikuwa moja tu, lakini lilikuwa kubwa. Nyaya zote zinakwenda kuishia kwenye soketi moja pana, yenye safu mbili za vitundu, na soketi hiyo ndiyo inachomekwa kwenye kompyuta. Kati ya injini na miguu ya dereva kuna ukuta wa chuma, na kwenye gari la zamani tundu la ukuta huo ni dogo. Soketi haipiti. Fundi mwingine yeyote angechukua drili akapanua tundu. Kaka alizichomoa nyaya zote kwenye soketi, moja baada ya moja, akazipitisha zikiwa wazi. Nilijua sababu bila kuambiwa. Kwenye turubai, tundu ukilipanua umeyakaribisha maji. Kaka alikuwa tayari kurudia kazi ya wiki nzima ili asipanue tundu.

"Sasa kila waya unarudi kitundu gani?" fundi aliuliza. Alikuwa ameshika fungu la nyaya kama anashika kuku wa mtu. "Kwenye simu nimeona michoro ya injini zinazofanana na hii. Kila mchoro una maneno yake. Nikichomeka vibaya nikawasha, kompyuta inaungua, na nyingine kama hii sijui naipata wapi."

Nikasogea. Kila waya ulikuwa umefungwa uzi mwishoni. Baadhi uzi mweupe, baadhi mweusi, nyuzi zetu zile zile za kushonea turubai. Na kila uzi ulikuwa na mafundo.

Nilikaa chini palepale kwenye mchanga.

"Vipi, dada? Unaumwa?"

"Fundi, hizi ni namba."

Sisi tukienda kupima lori hatuandiki. Mikono ina vumbi, upepo unapeperusha karatasi. Kaka alikuwa na kamba nyembamba, anafunga mafundo. Fundo kubwa ni tano, fundo dogo ni moja. Fundo kubwa na mawili madogo, saba. Kamba ya urefu, kamba ya upana, anazirusha begani, anarudi nazo nyumbani kama mtu aliyetoka kununua mboga. Kwenye nyaya alifanya hivyo hivyo. Uzi mweupe, safu ya juu. Uzi mweusi, safu ya chini. Mafundo yanakuambia kitundu cha ngapi.

Fundi alichukua waya mmoja akausogeza karibu na macho. "Huyu mtu," akasema taratibu. "Huyu mtu alikuwa anashona gari."

Tukaanza kazi. Mimi nasoma mafundo kwa vidole, nikiwa nimefumba macho, kwa sababu vidole vyangu vinayajua zaidi. Fundi anahesabu vitundu na kuchomeka. Kila waya ukikaa unatoa mlio mdogo, tiki, na fundi anasema "taratibu" hata kama hakuna anayeharakisha. Waya mmoja tu ulitushinda. Ulikuwa na uzi mwekundu, hauna fundo hata moja.

"Huu?"

"Sijui."

"Tuuache uning'inie. Siku hazitoshi."

Ijumaa mchana soketi ilikuwa imejaa. Nilitaka tuchomeke tuwashe. Fundi akatoa testa, kile kipimo chake kinacholia kikigusishwa sehemu mbili zilizoungana.

"Kwanza tumuulize mwenye nyumba," akasema. Alinionyesha kwamba ndani ya kompyuta kuna vijisindano vichache vilivyoungana na kasha lake la chuma. Hivyo vinataka nyaya za ethi, nyaya zinazokwenda kufungwa kwenye mwili wa injini. Ukigusa kasha na kisindano, testa inalia. Akagusa. Ikalia kwenye pembe moja. Akaenda kwenye soketi tuliyoijaza, akatafuta nyaya zilizofungwa kwenye mwili wa injini zimekaa kitundu gani.

Zilikuwa kwenye pembe nyingine kabisa.

Akarudia. Akatumia mikono miwili, akatumia kinywa kushika waya, akarudia tena. Halafu akazima testa na kuiweka mfukoni.

"Dada yangu," alisema, "hapa kuna kitu hakiendi. Labda kompyuta si ya injini hii. Labda marehemu alichanganya. Alikuwa anaumwa siku zile, hatukujua tu."

"Kaka hachanganyi."

"Mtu mwenye homa anachanganya hata jina lake. Simlaumu. Lakini siwashi."

Niliingia ndani ya chumba chetu cha kushonea nikafunga mlango. Sikutaka wifi anione uso. Juu ya meza ndefu kulikuwa na kifuniko ambacho kaka alikiacha nusu, sijakigusa tangu wakati ule. Nikaona afadhali nishone kuliko kukaa. Nikakikunjua. Alama zake za chaki zilikuwa bado zipo, nyeupe juu ya kijani, na mwandiko wake wa misalaba kila mahali pa pete za shaba.

Kifuniko kilikuwa cha lori nililolijua. Bomba lake la moshi linapanda upande wa kushoto, na kwenye kifuniko lazima kuwe na mdomo wa kulipitisha. Nikatafuta alama ya mdomo. Nikaikuta upande wa kulia.

Hapo moyo ulishuka kweli. Nikajiambia, basi, fundi amesema kweli. Alikuwa mgonjwa, anashona mbele yetu, anakula mbele yetu, na hata kushoto na kulia vimeshampotea, na sisi tunamwomba atupitishie chumvi.

Nilikaa hivyo. Kisha mkono wangu, bila mimi kuuambia, ukashika pindo la turubai na kuligeuza, kama tunavyoligeuza kila siku kabla ya kuanza kushona. Mdomo wa bomba ukaenda kushoto. Mahali pake hasa.

Tunachora chaki upande wa ndani. Sikuzote. Alama haitakiwi kuonekana na mteja, kwa hiyo unafanya kazi yote mgongoni mwa turubai, na kichwa chako kinazoea kwamba kulia ni kushoto. Nimefanya hivyo miaka yote hii. Nilikuwa nimelizoea jambo hilo mpaka nikaacha kuliona.

Nilitoka mbio. Fundi alikuwa anakusanya spana zake.

"Fundi! Soketi umehesabu kwa upande gani?"

"Upande wa uso, pale inapochomekwa. Kuna upande gani mwingine?"

"Wa mgongo. Pale nyaya zinapoingilia. Kaka alizichomoa kutoka nyuma, alikuwa ameishika imempa mgongo. Ndivyo alivyoshika kila kitu."

Akaichukua soketi. Akaitazama usoni. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Kisha akatoa testa mfukoni, akahesabu upya kutoka mgongoni mpaka mahali ambapo nyaya za ethi zilipaswa kuwa kwa hesabu ya kaka, akarudi kwenye kompyuta, akagusa kisindano cha hapo.

Testa ikalia.

Mlio wenyewe mdogo, kama wa panya. Tulitazamana.

"Kwa hiyo nyaya zote..." alianza.

"Zote."

"Zote tunazichomoa?"

"Zote, fundi. Taratibu."

Alinitazama kwa jicho la mtu aliyechapwa kwa fimbo yake mwenyewe, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Tuliendelea mpaka mwanga ukatuishia, tukamalizia asubuhi.

Jumamosi wifi aliamka, akatazama dirishani, akatuona, akarudisha pazia. Fundi akachomeka soketi kwenye kompyuta, akafunga betri. Akazungusha ufunguo nusu, na nyuma kwenye tangi nikasikia kitu kinavuma kidogo kisha kinanyamaza.

"Pampu," akasema. "Inajaza bomba."

Akapiga starta. Injini ikazunguka, haikushika. Akasubiri. Akapiga tena. Haikushika. Nilikuwa nimeshika mlango wa gari, na vidole vilikuwa vinauma.

"Hewa ipo kwenye bomba," fundi alisema. "Iache itoke."

Mara ya tatu ilizunguka, ikagusa, ikasita, na ikashika. Nilingoja kikohozi. Nilikuwa nimekaza mwili mzima kukipokea kile kikohozi. Hakikuja. Injini ilitulia palepale, inapumua kama mtu aliyelala.

Tulikaa tukiisikiliza. Nikatazama mlango wa jikoni. Wifi hakutoka.

Aliyekuja ni mtu wa vyuma chakavu. Aliingia getini na kamba yake na gesi ya kukatia, akasalimia, akazunguka gari akigongagonga bodi kwa ufunguo wa lori lake.

"Poleni na msiba," akasema. "Sasa mnataka nianze kukata wapi? Nyuma au mbele?"

"Weka kwanza mkono hapo," fundi akamwonyesha boneti.

Akaweka. Akaruka nyuma kama ameshika chungu cha moto, kamba ikadondoka. "Linawaka!"

"Tangu ulipoingia."

"Mbona halisemi?"

Fundi Taratibu akacheka, mimi nikacheka, na mtu wa vyuma mwenyewe akacheka, anajishika kifua. Hapo ndipo wifi alipotoka, amefunga khanga vibaya, uso umekunjamana.

"Mnacheka nini kwenye nyumba yangu?"

"Wifi, limewaka."

"Nilisema nilisikie. Mimi sisikii kitu."

"Njoo."

Sikujua niseme nini zaidi. Nilimshika kiganja, kilikuwa na unga wa asubuhi hiyo, nikakiweka juu ya boneti. Hakukitoa. Kwanza alitazama mkono wake, halafu akatazama dirisha la chumba chake, halafu akainamisha kichwa upande mmoja kama anasikiliza mtu anayenong'ona.

"Aliniambia," alisema baadaye. "Nilikuwa nagombana naye kila asubuhi kwa sababu ya lile gari, mtoto wetu hajalala vizuri, majirani wananisema. Akaniambia, subiri, nitakuwa naondoka na wewe huna habari." Akafuta pua kwa bega. "Nikadhani ni masihara yake."

Fundi alijifanya anatafuta spana.

Wifi akamgeukia mtu wa vyuma. "Baba, umekuja mbali, usirudi mikono mitupu. Kuna injini nyingine nyuma ya choo. Ile chukua yote. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaniamsha."

Juma lililofuata nilikimalizia kile kifuniko nikakipeleka machimboni. Fundi aliendesha, mimi nilikaa upande wa abiria na turubai magotini. Kona ya mwisho tuliipanda bila kusimama. Nilimtazama fundi, naye akanitazama, na hata neno lake hakulisema. Mdomo wa bomba la moshi ulikaa kushoto, mahali pake.

Nyuzi hatukuzikata. Ukiinama chini ya dashibodi bado unaziona, nyeupe na nyeusi, zimepangana. Na pembeni upo ule waya wa uzi mwekundu usio na fundo, haujachomekwa popote, na gari linakwenda. Nimeufuata kwa mkono mara nyingi. Unapita kwenye tundu dogo, unaingia upande wa injini, unapotelea katikati ya zile nyingine. Fundi anasema huenda ni wa taa fulani, au ni wa kitu kilichokuwa kwenye gari lile lililogongwa na hapa hakipo. Wifi anasema kaka aliishiwa nyuzi nyeupe.

Mimi sijui. Ila nikiwa nasubiri wateja, gari limezimwa, huwa nauchukua nikauzungusha kidoleni, nikajiuliza alitaka kuupeleka wapi.